Makumbi Ndani ya Kasha la Klorini

Kuna jambo niliwahi kuliamini kwa moyo wangu wote, na nikiwaambia mtacheka mpaka mshike mbavu. Chekeni tu, nitawasubiri. Niliamini kwamba kemikali inaiogopa nazi.

Sisemi mzaha. Katika godauni lile la Malindi nilikofanya kazi ujana wangu wote na sehemu nzuri ya uzee, hapakuwa na mtu asiyelijua hilo. Si mwaona mtu akila kitu kibaya hupewa dafu anywe, tumbo likatulia? Basi sisi tulisema dawa kali nayo, ukiizungushia makumbi ya nazi, zile nyuzi za ganda la nje, hutulia vivyo hivyo. Makumbi huunyonya ule ukali. Asidi ikiyaona makumbi hulala. Palikuwa na habari ya mfungaji mmoja wa zamani, jina lake hakuna aliyelijua, aliyemwagikiwa na pipa zima la asidi. Lakini kwa kuwa alikuwa amekalia rundo la makumbi, aliinuka, akajipangusa suruali, akaenda kula. Habari hiyo niliisimulia sana, hata mwishowe nikaanza kusema nilikuwepo. Suruali niliiona kwa macho yangu. Ilikuwa ya kaki.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofunga vifurushi katika hizi ofisi za mizigo. Juzi niliingia katika mojawapo hapa mjini kutuma viatu vya mjukuu, nikamkuta kijana anafunga pawabenki ya kuchajia simu na chupa ya manukato katika boksi moja, kalijaza magazeti, na mluzi anapiga. Nilitaka kumwambia neno. Nikatazama nyuma, foleni ndefu na walio kwenye foleni wana njaa. Nikalipia viatu, nikaja nyumbani, mtaa wa Barani, nikachukua kalamu.

Mimi ni Kazungu. Shule ya utotoni ilinikatikia njiani, nikaja kuimalizia ngumbaru, darasa la jioni, nina ndevu na njaa ya kutwa, nimekaa kwenye dawati la watoto magoti yakigusa masikio. Lakini nilihitimu. Mwalimu alisema katika maisha yake hajapata kuona mwanafunzi mwenye maswali kama mimi, na mimi nimeamua alikuwa ananisifu.

Kazi yangu ilikuwa kufunga. Si kubeba, watu huchanganya. Mbebaji akikosea, mgongo unamuuma yeye. Mfungaji akikosea anaumia mtu mwingine, mbali huko, ambaye hata hajui kuna Kazungu duniani. Tulifunga dawa za mabwawa ya hoteli, asidi za maabara za viwanda vya chumvi vya Gongoni, maji ya betri, thina ya kuchanganyia rangi, rangi zenyewe, mitungi ya gesi, na vyote hivyo vilikwenda mpaka visiwa vya kaskazini.

Aliyenifundisha ni Mzee Shee, mtu wa visiwani huko huko kaskazini, mwembamba, wa maneno machache, mwenye vidole virefu kama vya mpiga gambusi. Nikimkabidhi kasha nililofunga, hulipokea, hulitikisa karibu na sikio, kisha huniuliza:

"Mwanangu, wafunga ama wafunika?"

Na alikuwa na mtihani wake. Ijumaa huja kazini na kanzu yake nyeupe, tayari kwa msikiti. Hukupa chupa ya wino uifunge katika kasha. Ukimaliza, yeye hukaa kwenye kigoda, hulipindua lile kasha chini juu, na kulipakata mapajani mwake, pale pale juu ya kanzu. Hapo husubiri akizungumza habari za samaki.

Mara yangu ya kwanza wino ulitoka. Haukutoka kidogo, ulitoka hata nikadhani chupa ile ina bomba la mfereji. Nilitamani ardhi ya Malindi inimeze. Mzee Shee aliitazama kanzu, akanitazama mimi.

"Kifuniko ulikaza?"

"Nilikaza, mzee."

"Ukakizungushia utepe?"

"Utepe nilisahau."

"Na mfuko wa plastiki wa kuivisha chupa?"

"Mfuko sikuuvisha."

"Basi haya madoa mawili ni hayo mawili," akasema. Akavaa koti langu juu ya kanzu, katika jua lile la saa sita, akaenda kuswali hivyo. Hakumwambia mtu kwa nini. Tangu siku hiyo, wanangu, sijafunga chupa bila kuiona ile kanzu. Kaza kifuniko, zungusha utepe, ivishe mfuko, fungia mfuko wenyewe, ndipo uiweke ndani ya kasha na uijazie pembeni isicheze. Chupa ikicheza ndani ya kasha, barabara itaivunja.

Jingine alilonifundisha ni nafasi. Nilipoanza nilikuwa mkarimu. Nikijaza mtungi wa plastiki wa thina, najaza mpaka mdomoni, ili mteja asidhulumiwe. Mtungi wangu mmoja ulikaa juani nje ya godauni kutwa nzima, jioni tukaukuta umevimba kama mbuzi aliyeiba unga, umekuwa mviringo, hauwezi tena kusimama. Mzee Shee aliuzunguka polepole kama mtu anayezunguka mwanamke mjamzito kwenye mlango mwembamba.

"Huyu aomba pumzi," akasema.

Kioevu kikipata joto hupanuka. Kiachie nafasi juu, kama upana wa kiganja kwenye mtungi mkubwa, vidole viwili kwenye chupa. Na msitie maji ya betri wala petroli kwenye chupa ya soda. Najua mwasema, tutaandika jina juu ya chupa. Mwenye kiu hasomi.

Asidi na klorini vilevile, hawa Mzee Shee alisema hawalali chumba kimoja. Vikikutana hutoa hewa ya kukukaba koo. Wala si kasha moja tu. Tuliviweka mbali mbali hata katika lori. Na kila mzigo mkali tuliupakia mwisho kabisa, nyuma, penye mlango wa lori. "Mgonjwa hulazwa karibu na mlango," ndivyo alivyopenda kusema. Lori likipata balaa, huyo ndiye wa kutolewa kwanza, na huwezi kumtoa ikiwa amelaliwa na magunia ya simenti.

Kwa hiyo msimdharau mzee wangu kwa ajili ya makumbi. Katika mambo mia alipatia tisini na tisa, hilo moja likamponyoka, na si yeye peke yake; tulilibeba pamoja, godauni zima.

Makopo ya klorini yalikuja na alama, moto mdogo umekaa juu ya duara. Maandishi yalikuwa Kiingereza na sisi wakati huo Kiingereza chetu kilikuwa cha "yes" na "tomorrow". Alama ile tuliibishania sana wakati wa chai. Omari, dereva wetu, alishikilia kuwa ni kibatari. Mzee Shee alisema ni jiko, maana yake kopo lisiwekwe jikoni. Mimi nilisema ni jua linachomoza, na nilisema kwa uhakika mkubwa sana. Ngumbaru ndiko nilikokuja kuelezwa, baadaye mno, kwamba dawa yenye alama ile yenyewe haiwaki. Kazi yake ni kuulisha moto. Huvipa pumzi vitu vingine viwakavyo, na ikigusana navyo, kukiwa na joto, au unyevu, au mafuta kidogo, huweza kuviwasha bila mtu kupiga kiberiti. Hiyo alama hadi leo iko kwenye makopo. Itazameni. Moto mtupu ni jambo moja, moto juu ya duara ni jambo jingine.

Lakini nilipomsafirisha mke wangu nilikuwa sijaelezwa.

Dama alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imekomaa, naye alitaka akazalie kwa mamake Gongoni, ndivyo wanawake wa kwetu wanavyopenda kwa mtoto wa kwanza. Lori letu lilikuwa linakwenda huko, kupeleka klorini ya kutibu maji ya kunywa ya kambi ya wafanyakazi wa chumvi. Nikasema, kwa nini asukumane na watu barabarani wakati Omari ana kiti kitupu, tena Omari ni rafiki yangu na huendesha kwa adabu? Na kasha ninalifunga mwenyewe. Nitampa mke wangu ulinzi ambao hata mke wa gavana hana.

Wanangu, kasha lile nililifunga kwa mapenzi. Nililipangia makopo kama mtu anayelaza pacha. Kopo moja mdomo wake ulikuwa umepinda, kifuniko hakikukaa sawa, nikakigonga kwa kiganja, nikasema liwalo na liwe, makumbi yatalishika. Makumbi yenyewe mapya yalikuwa machache. Nikaenda kwenye kona, kwenye rundo la yale yaliyokwisha kufungia makopo ya mafuta ya injini, nikazoa makumbi tele kwa mikono miwili, mazuri, laini, yananukia mafuta. Nikashindilia. Nikaongeza. Penye nafasi ya kidole nilitia ngumi. Mzee Shee akaja, akalitikisa kasha karibu na sikio, halikutoa hata kinong'ono.

"Leo umefunga," akasema.

Miaka yote hakuwa amenipa maneno hayo. Nikavimba kuliko ule mtungi wa thina.

Dama alifika na kikapu chake na leso mbili, akasimama nyuma ya lori.

"Hilo kasha nini?"

"Dawa ya maji. Usiwe na wasiwasi, nimelitilia makumbi maradufu kwa sababu yako."

"Makumbi ya kazi gani?"

"Ya kuituliza."

"Kuituliza nani?"

"Dawa."

Akanitazama vile mwanamke hutazama bei ya nyanya. Omari akachungulia kutoka kiti cha mbele.

"Shemeji, panda. Huyu akianza kueleza tutafika Gongoni mtoto keshaota meno."

Akapanda, akanipungia mkono, lori likaondoka na kasha langu nyuma, penye mlango, kama Mzee Shee alivyotaka.

Jua lilikuwa limekaa juu vizuri wakati kondakta wa gari lililotoka upande wa Mambrui alipoteremka mbele ya godauni na kuuliza kama lori la buluu lenye turubai ni letu.

"Ni letu," nikasema.

"Linafuka moshi. Liko kabla ya Mambrui, kando ya barabara. Watu wamesimama mbali."

Sikuuliza la pili. Nilichukua baiskeli ya godauni, na kabla sijakanyaga pedali nikahisi uzito nyuma. Mzee Shee alikuwa amekwishakaa kwenye keria, kanzu kaikusanya mkononi, mkono wa pili kanishika mshipi.

"Mzee, wewe baki."

"Nenda, mwanangu."

Nikaenda. Nawaambia, baiskeli ile ilikuwa ya kubebea chai, lakini siku hiyo magari yaliniachia njia. Daraja la Sabaki sikumbuki kulikanyaga. Naamini tulipita juu yake. Penye mwinuko miguu ilipokataa, Mzee Shee aliteremka bila kuambiwa, akasukuma kwa nyuma, mtu wa umri ule, anasoma dua na kuhema, kisha akaruka tena juu. Kichwani mwangu mlikuwa na Dama tu, na tumbo lile, na kiti kile cha mbele ambacho mlango wake ulifunguka kwa shida na kila mtu akijua.

Tukiuona ule moshi kwa mbali, mwembamba, wa manjano kwa chini, Mzee Shee aliniuliza mgongoni, kwa sauti ndogo:

"Makumbi uliweka ya kutosha?"

"Niliweka maradufu, mzee."

"Basi Alhamdulillahi."

Nasi sote wawili tukapata nafuu. Naapa tulipata nafuu.

Lori lilikuwa limesimama peke yake kwenye mchanga, mbali na nyumba, turubai limeliwa na moto upande mmoja. Nyuma yake, hatua za kutosha kutoka kwenye gurudumu, palikuwa na lundo jeusi linafuka, na hewa yake ilikuchoma pua kama kitunguu kilichokasirika. Omari alikuwa amekaa chini, macho mekundu, anakohoa. Nilimshika shati mabegani.

"Dama yuko wapi?"

"Yuko salama. Ngoja nipumue." Akakohoa. "Yuko salama, bwana, niachie shati. Yuko pale barazani, upande upepo unakotoka. Mwenyewe ndiye aliyepachagua."

Ndipo akanieleza. Walikuwa wanakwenda, Dama akaanza kunusa. Akasema, simamisha gari. Omari akamwambia ni mtu anachoma shamba. Akasema hapana, shemeji, hayo ni makumbi yanaungua, tena yako kwetu. Omari akacheka, akamwambia mumeo akisikia atakufa, makumbi ndiyo dawa yenyewe. Dama akamwambia, "Mimi nimepuliza makumbi jikoni tangu sijang'oa meno ya utoto. Simamisha, na usisimame karibu na nyumba za watu."

Mlango wa upande wake ulikataa kufunguka. Akapitia upande wa Omari, na tumbo lile, Omari akimvuta mikono. Omari akataka kurukia nyuma kuuzima kwa gunia. Dama akamkamata shati, akamwambia asiingie kwenye moshi ule, atafute mti mrefu. Wakapata mti wa kuanikia nyavu. Omari akazunguka upande upepo unakotoka, akafungua mlango wa nyuma, akauingiza ule mti nyuma ya kasha na kulivuta, nalo kwa kuwa lilikuwa la mwisho kupakiwa, la kwanza penye mlango, likaja lote, likaanguka mchangani. Ndipo likalipuka moto, moto mweupe mweupe, unafoka kama jiko la mhunzi. Lori likanusurika.

Mzee Shee alisikiliza yote hayo amesimama, mkono juu ya kifua. Aliposikia habari ya mlango wa nyuma aliinamisha kichwa kidogo. Aliposikia ya makumbi, alilitazama lile lundo jeusi, na sijui hata leo alikuwa anafikiri nini, ila alivua kofia yake, akaishika.

Nikaenda barazani. Mwanamke mwenye nyumba alikuwa amemtandikia Dama mkeka na kumpa maji, na Dama alikuwa amenyoosha miguu, leso kajifunika mabega, masizi yamempaka shavuni. Nilitaka kusema maneno mengi, na nyinyi mmeshanijua, mimi maneno sikosi. Hayakuja. Nikapiga magoti. Akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni, ubavuni upande wa kushoto, akaushikilia hapo. Tukangoja. Nilisikia moyo wangu masikioni, nikadhani hapana kitu, hapana kitu. Kisha mtoto akapiga teke, teke la nguvu, la mtu aliyeamshwa bure.

"Huyo," Dama akasema.

Nikalia kidogo. Nyinyi mwaweza kusimulia kwamba nililia sana.

Mzee Shee alikuwa amenifuata, akasimama chini ya ukingo wa baraza, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee," Dama akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. U mzima?"

"Ni mzima."

Ndipo ulimi ukanirudia, na kwa bahati mbaya ukarudi pale pale ulipokuwa. Nikaanza kueleza. Nikasema sielewi limetokeaje, kasha nililifunga mwenyewe, Mzee Shee alilitikisa, hapakuwa na nafasi ya kuingia hata sindano. Nikasema labda makumbi hayakutosha. Nikasema nilishindilia makumbi tele, mpaka yale ya kwenye mafuta nikayazoa, ili yeye na mtoto wasipatwe na lolote, na pengine kama ningetia zaidi.

Dama alininyamazisha kwa kidole kwenye midomo. Hakukasirika. Aliongea polepole, kama unavyomwongelesha mtoto unayemfunga kifungo cha shati.

"Kazungu. Asubuhi nikikupikia chai, moto nawashia nini?"

"Makumbi," nikasema.

Mzee Shee alikohoa.

"Basi," akasema Dama. "Makumbi ni kuni, mume wangu."